Mpasuko Uliopigiwa Kura

Siku ardhi ilipotetemeka, ofisi pekee nchini iliyopewa kazi ya kuisikiliza ilikuwa inachemsha chai.

Usidhani natukana. Ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa Jumanne, saa nne na robo asubuhi, na kama kuna jambo ambalo Ofisi ya Mitetemo haijawahi kulikosea tangu iundwe, ni chai ya saa nne. Mashine ya kupimia mitetemo ilikaa chumba namba tisa, juu ya nguzo fupi ya zege. Chumba namba tisa kina soketi moja tu ukutani. Sasa birika la umeme nalo, jamani, liende wapi? Kwa hiyo kila siku ya kazi, saa nne kasoro dakika tano, mhudumu aliingia, akachomoa mashine, akachomeka birika. Betri ya akiba ilikufa mwaka juzi, na barua ya kuomba nyingine ilikuwa bado inazunguka kwa wakubwa ikikusanya sahihi. Basi mji mzima wa mlimani ukaanguka, na mashine ya taifa haikuandika kitu.

Msomaji wa mashine hiyo ni mtu mwembamba wa miaka hamsini na tisa, anayeitwa Bwana Mistari. Jina alilopewa na wazazi wake siku hizi linajulikana na idara ya utumishi peke yake. Kwa miaka thelathini ameinamia michoro ya mitetemo na rula ya mbao, akipima kila kilima na kila bonde la mstari, na rula hiyo huishi kwenye mfuko wa shati lake. Imetoboa mashati hadi mkewe, ambaye ni fundi cherehani, akaamua kushona kiraka cha ngozi ndani ya kila mfuko.

"Wenzio wanamaliza viatu," humwambia. "Wewe miaka thelathini unamaliza mfuko uleule mmoja."

Katika mji ule wa mlimani aliishi dada yake. Dada Mkubwa alimpita kwa miaka kumi na miwili. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemfunga mdogo wake kamba za viatu, akampeleka shule, akamchapa alipostahili na mara mbili hivi alipokuwa hastahili. Alipika kwenye shule ya bweni mpaka akastaafu. Jumanne ile alikuwa uani anaanika nguo, nyumba ikaanguka nyuma yake ukuta baada ya ukuta, naye akabaki amesimama na shuka mkononi. Bwana Mistari alipompata kwenye simu, baada ya saa tano za kubonyeza namba ileile, alilia mbele ya wafanyakazi wenzake bila aibu yoyote.

"Unalia nini?" dada akamuuliza. "Iliyoanguka ni nyumba yangu, si yako. Futa kamasi."

Sasa kamati zikaanza. Ya kwanza, kwa taarifa yako, haikuwa ya watu waliobomokewa. Ilikuwa ya birika. Ilikaa siku nne, ikamhoji mhudumu, ikaliondoa birika kama kielelezo, ikalitia lakiri na namba, ikalifungia stoo. Mhudumu akaleta birika jingine kutoka kwake, na chai ikaendelea saa nne kama kawaida, kwenye soketi ileile.

Ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito. Iliitwa Kamati ya Mpasuko. Wajumbe walikuwa saba, mwenyekiti wao Mkurugenzi wa ofisi mwenyewe, bwana mmoja mnene mwenye sauti tamu aliyehamishwa kutoka idara ya mabwawa ya samaki. Kamati hii ilitakiwa iseme ardhi ilipasuka kutoka wapi hadi wapi, kwa sababu serikali ilitaka kuwajengea waliobomokewa nyumba za matofali, na ilishachagua mahali: Uwanda wa Kusini, kilomita arobaini na tano kutoka mjini. Ni pahali tambarare, pazuri kwa kupigia picha. Familia mia mbili zilikuwa zinaishi kwenye mahema katika uwanja wa mpira, zikisubiri kuhamishiwa huko. Dada Mkubwa alikuwa mmoja wao, hema namba thelathini na moja.

Bwana Mistari akaambiwa alete mpasuko. Ataleta nini, na mashine ilikuwa imechomolewa? Akafanya kile ambacho mtu hukifanya macho yake yanapofumbwa: akaazima macho ya wenzake. Maana tetemeko kubwa halikai kwao. Hupita tumboni mwa dunia, na dakika chache baadaye mashine za nchi za mbali kabisa, ambako hakuna aliyewahi hata kulisikia jina la mji wetu, huuchora mtikisiko uleule. Akaomba michoro ya vituo ishirini na vitatu, na vyote vikampa bila kumwomba barua yenye sahihi saba.

"Huko wenzetu mashine zimechomekwa," aliwaambia wenzake. "Chai yao sijui wanachemshia wapi."

Akakaa nayo wiki mbili. Watu wengi hudhani tetemeko hutokea mahali pamoja kwa mara moja. Wapi! Mwamba huanza kupasuka sehemu moja, halafu mpasuko hukimbia, sekunde baada ya sekunde, mpaka mahali fulani ukagoma. Swali ni ulikimbilia upande gani na uligomea wapi. Na michoro ya mbali ilisema. Vituo vyote vilivyo upande wa kusini vilipokea mtikisiko mfupi, mkali, wa sekunde kumi na mbili. Vya kaskazini vilipokea mrefu na mlegevu, wa sekunde kumi na saba. Alipima mara tatu. Akabadilisha miwani, akapima mara ya nne. Mpasuko ulianzia chini ya mji wa mlimani, ukakimbia wote kusini, kilomita arobaini, ukasimama.

Kilomita arobaini. Na uwanda wa nyumba mpya upo kilomita ya arobaini na tano.

Jumamosi hiyo mchana alikuwa nyumbani, ameshika shavu, mkewe anapasua kitambaa cha mashuka. Unajua mafundi wanavyofanya: mkasi unakata kidogo ukingoni, halafu mikono miwili inavuta, na kitambaa chenyewe kinakimbia. Kilikimbia, kikafika katikati kikagoma.

"Hapo ukivuta tena?" akamuuliza.

"Kitapasukia hapohapo kilipogomea," mkewe akasema, bila hata kuinua macho. "Kwani kitapasukia wapi, baba watoto? Kule kilikokwisha kupasuka?"

Bwana Mistari akanyanyuka, akaishika kwa vidole ncha ile ya mpasuko.

Siku ya kamati alipitia getini akanunua machungwa kumi na mawili. Aliwajua wajumbe wake: ukiwaonyesha mchoro, wanaangalia saa. Chumba cha mikutano kina meza ndefu ya mbao inayong'aa, viti vyenye mito, na ramani ya nchi iliyotundikwa juu kiasi kwamba hakuna anayeweza kuisoma. Akamwomba Mkurugenzi akae ncha moja ya meza, akasema hapo ni kusini. Mjumbe wa Kaskazini, mzee wa tai nyekundu, akakaa ncha ya pili.

"Waheshimiwa," akasema, "mimi ndiye mpasuko. Natoka huku nakwenda kule, na kila hatua nabingirisha chungwa moja mbele na moja nyuma."

Akaanza kutembea kuelekea kwa Mkurugenzi, akibingirisha. Yale ya mbele, kila moja likitoka karibu zaidi kuliko lililotangulia, yakamfikia Mkurugenzi yamebanana. Alidaka mawili. La tatu lilimwangukia mapajani. La nne liliangusha bilauri ya maji juu ya faili, la tano na la sita sijui hata yaliishia wapi. Kule nyuma, Mjumbe wa Kaskazini alipokea yake moja moja kwa nafasi, na kufikia la nne alikuwa ameshaanza kumenya.

"Mnaona?" Bwana Mistari akasema. "Sita kwa sita. Aliyefuatwa yamemjia kwa haraka, aliyeachwa nyuma yamemjia polepole. Na ndivyo vituo vya mbali vilivyoandika. Mpasuko ulikwenda kusini wote, ukasimama kilomita tano kabla ya uwanda. Kuanzia hapo mwamba haujapasuka, na mzigo wote umehamia hapo. Msiwapeleke watu."

Mkurugenzi alikuwa anafuta suruali.

"Kwa hiyo," Mjumbe wa Kaskazini akasema huku anatafuna, "kaskazini hamtupi kitu?"

"Mheshimiwa, mpasuko si zawadi."

"Mbona wenzetu wanaupata wote? Watu wangu nao walitikiswa. Mablanketi ya msaada yanafuata mpasuko, mzee, unafikiri sijui?"

Mkurugenzi akakohoa, akachukua sauti yake tamu. "Mzee wangu, kazi yako tunaiheshimu sana. Lakini hivi vituo viko nchi za watu, maelfu ya kilomita. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Nyoka hatutamuua, mheshimiwa. Tunataka tu kujua kaelekea wapi."

"Na huko kusini," Mkurugenzi akaendelea, kana kwamba hakusikia, "haikuanguka hata nyumba moja. Hata moja! Hiyo si dalili ya usalama?"

"Huko hakuna nyumba, mheshimiwa. Kuna mbuzi."

"Mbuzi wameanguka?"

Katika miaka thelathini hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Bwana Mistari hivyo. "Sikuwauliza," akasema.

"Umeona?" Mkurugenzi akasema, na wajumbe wakatikisa vichwa kwa masikitiko.

Basi wakajadili. Mjumbe wa Kusini alitaka mpasuko, ila usikaribie uwanda. Wa Kaskazini aliutaka wote. Mjumbe mmoja aliyekuwa amesinzia aliamka akapendekeza umoja wa kitaifa. Mwisho wakafikia mwafaka: mpasuko ulianzia mjini ukaenda pande zote mbili kwa haki, kilomita ishirini kaskazini, kilomita ishirini kusini. Kwa hesabu hiyo uwanda ukabaki kilomita ishirini na tano mbali na hatari yoyote. Mwenyekiti akauliza wanaokubali. Mikono saba ikanyooshwa, mmoja una chungwa. Bwana Mistari alikaa pale anawatazama watu wazima wakiupigia kura mwamba, na moyo ukamuuma kweli, maana mikono ile ilikuwa inamhamisha dada yake.

Hata sahihi yake hawakuihitaji. Ripoti ilisema "baada ya kumsikiliza mtaalamu," na kumsikiliza walimsikiliza. Kwenye muhtasari wa kikao sehemu yake ilikuwa mstari mmoja: *Mtaalamu aligawa matunda. Wajumbe walishukuru.*

Wiki iliyofuata mvua ikaanza. Dada Mkubwa akapiga simu.

"Tumeambiwa malori yanakuja Alhamisi," alisema, na furaha ilikuwa inamtoka hata kwa simu. "Nimepangiwa nyumba namba kumi na nne. Ina jiko ndani, mdogo wangu! Hapa maji yanapita chini ya godoro. Ni ile ofisi yenu iliyopitisha, eti? Mungu awabariki."

Bwana Mistari akasema, "Amina."

Amina! Mtu mzima, na rula mfukoni. Akakata simu akakaa. Sasa usiwe mwepesi wa kumhukumu. Alibakiza miezi minne kustaafu, na barua ya onyo kuhusu siri za ofisi ilikuwa imebandikwa mlangoni siku hiyo hiyo, yenye alama mbili za mshangao. Zaidi ya hayo, utamwambiaje mwanamke wa miaka sabini na moja, anayelala juu ya maji, kwamba aikatae nyumba yenye jiko ndani? Na hana hata tarehe ya kumpa. Mwamba ule ungeweza kupasuka kesho, ungeweza kukaa miaka mia. Alizunguka na jambo hilo Jumatatu na Jumanne. Jumatano mkewe akamtoa rula mfukoni akaiweka mezani.

"Umewaambia wajumbe saba," akasema. "Watakaolala huko ni familia mia mbili. Wao umewaambia?"

Akaomba ruhusa ya kwenda kumwona mgonjwa, akapanda basi na mfuko wa machungwa.

Dada Mkubwa alimsikiliza amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Juzi kwenye simu ulisema amina," dada akasema.

"Nilisema, dada."

"Nimekulea ili uniambie amina?"

Machozi yalimlenga, na safari hii hakuambiwa afute kamasi. Dada akasimama, akachukua sufuria na mwiko, akapiga sufuria ile kama alivyokuwa akiwaita wanafunzi mia nne kula, na mahema yote yakafunguka. "Huyu ni mdogo wangu," akatangaza. "Anasoma tetemeko. Ana jambo, na mtanyamaza mpaka amalize."

Akawapanga watu pande mbili za uwanja, akatembea, akabingirisha. Penye matope machungwa hayaendi vizuri, akawa anayarusha. Hakufika hata la nne. Mwashi mmoja aliyefiwa na kaka yake alipaza sauti: "Basi, mzee, tumeelewa. Ulikimbilia kule, ukakwama pale wanapotaka kutuweka." Ikawachukua dakika tatu. Kamati ilichukua saa tatu na haikufika.

"Lini utapasuka?" mwashi akauliza.

"Sijui. Nikikwambia najua, nitakuwa mwongo. Najua wapi tu."

"Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka," Dada Mkubwa akasema. "Na huu si ukuti. Mimi kwenye lori sipandi. Kila mtu na moyo wake."

Alhamisi malori kumi yalikuja, yakakaa yanaunguruma mpaka saa nane mchana, yakarudi matupu. Viongozi waliwaita watu wale wakaidi, wasio na shukrani, waliopotoshwa. Baada ya mwezi wa kusemana, halmashauri iliwaachia mabati na mbao wajijengee upande wa kaskazini wa mji, kwenye mteremko wa mawe karibu na machimbo ya kokoto. Si pazuri. Upepo hapo haujui adabu. Lakini dada yake akapata chumba kimoja cha bati, na jiko nje.

Bwana Mistari alisubiri kufukuzwa. Siku zikapita, kimya. Halafu Mkurugenzi akawaita wafanyakazi wote, sauti tamu kuliko siku zote. Nyumba mia mbili mpya za uwanda zimebaki tupu, alisema, na serikali haiwezi kuacha mali ya umma ioze. Kwa hiyo imeamuliwa kuzigawa kwa ofisi za serikali zenye uhaba wa nafasi. Ofisi ya Mitetemo imepata bahati ya kuwa ya kwanza. Tunahamia Jumatatu.

Wenzake wakapiga makofi. Bwana Mistari alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, kicheko kibaya kisicho na furaha ndani yake, na Mkurugenzi akafikiri ni shukrani.

Walipewa nyumba namba kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano. Chumba chake yeye, na mashine yake, vikaangukia namba kumi na nne: kuta nyeupe, harufu ya rangi, jiko ndani. Akaweka mashine juu ya nguzo mpya ya zege. Akatafuta soketi. Akazunguka kuta zote nne, akapiga magoti akatazama nyuma ya mlango.

Ilikuwa moja.

Akachomeka mashine, kalamu ikaanza kuchora. Halafu akachukua kiti chake akakiweka mbele ya soketi ile, mgongo ukutani, akakaa. Saa nne kasoro dakika tano mhudumu akaingia na birika, akasimama katikati ya chumba.

"Mzee, chai je?"

"Chemshia kwa Mkurugenzi."

"Kwa Mkurugenzi soketi ina friji."

"Basi leo hatunywi."

Mhudumu akatoka, na huko nje manung'uniko yakaanza mlango kwa mlango, makali kuliko aliyowahi kuyasikia kwa ajili ya mji ulioanguka. Kufika mchana alikuwa ameandikiwa barua ya kujieleza. Aliikunja akaiweka mfukoni pamoja na rula, akabaki kwenye kiti. Bado miezi mitatu.

Sasa ni dada anayempigia simu kila siku saa nne na robo, kutoka kule kwenye upepo.

"Bado?" humuuliza.

Bwana Mistari huutazama mstari mpaka mwisho wa karatasi kabla ya kumjibu.

"Bado, dada."

"Haya. Mlango umeuacha wazi?"

"Nimeuacha wazi."